Efekti za gitaa za zamani: anza na umeme, chipu adimu iwe ya mwisho

Wapiga gitaa wengi wanaoniletea efekti za zamani, yaani vifaa vya kubadilisha sauti ya gitaa, huwa wameshajua ugonjwa kabla hawajaketi. "Fundi, chipu ya korasi imekufa, wewe niagizie tu." Wamesikia kwamba chipu hiyo, inayoifanya sauti iyumbe kama magitaa mawili pamoja, haitengenezwi tena, wameona bei yake, na wamekuja na hofu. Nafungua, napima, na mara nyingi naikuta chipu nzima kabisa. Kilichokufa ni diodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya bei ya chai, kapasita (kipuri kinachotunza na kuchuja umeme) iliyokauka, au mguu wa jeki, lile tundu la kuchomekea waya, uliokatika kwa kuvutwa miaka na miaka.

Ndiyo maana napanga kazi hii kwa dalili, na kila dalili naianzia kwenye sababu inayotokea sana na iliyo rahisi kupima. Kipuri adimu kinakuja mwisho, baada ya kila kitu kingine kujitetea. Vifaa nitakavyovitaja ni vya mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990: pedali za analogi kama Boss CE-2, Boss DM-2 na Ibanez TS9, na mashine za kidijitali za kwenye rafu kama Yamaha SPX90 na Alesis Quadraverb.

Vya kuwa navyo mezani: multimita, chombo cha kuchomea risasi chenye ncha nyembamba, pampu ya kunyonya risasi, spiriti safi, mswaki mkuukuu na simu ya kupigia picha. Piga picha kila hatua kabla hujagusa waya. Tafuta pia mchoro wa saketi wa kifaa chenyewe. Kampuni za Japani za enzi ile zilitoa vitabu vya ufundi vyenye mchoro, orodha ya vipuri na namna ya kurekebisha, na vingi vinapatikana mtandaoni. Na kama mashine inachomekwa ukutani moja kwa moja, ichomoe kabisa kabla ya kuifungua. Kuzima swichi tu hakutoshi, maana upande wa transfoma unaopokea umeme wa ukutani unaua.

Haiwaki kabisa

Kwa pedali, angalia kwanza kama waya wa gitaa umechomekwa upande wa kuingilia. Pedali nyingi huwashwa na jeki hiyo: ukichomeka waya, ndipo njia ya umeme inafunga. Nimeshaletewa pedali nzima kabisa ambayo mwenyewe aliijaribu nyumbani kwa kuchomeka adapta peke yake.

Kisha tazama adapta. Pedali za Boss, na nyingi zilizofuata mtindo huo, zinataka voliti 9 za DC (umeme unaokwenda upande mmoja), hasi ikiwa katikati ya plagi. Mchoro mdogo kando ya tundu ndio ukweli, usimwamini mtu anayekwambia "zote ni sawa". Pedali za Fuzz Face za zamani zenye transista za jermaniamu aina ya PNP ni kinyume: chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi ya chuma. Ukiiunganisha hiyo na pedali nyingine kwenye adapta moja ya kugawana, unafunga chanya na hasi pamoja.

Mtu akikosea upande, pedali nyingi zina diodi ya ulinzi iliyolazwa kati ya chanya na hasi. Umeme ukija kinyume, diodi inaumeza wote, na adapta ikiwa na nguvu diodi inaungua na kubaki imefunga. Dalili yake ni ya wazi: taa haiwaki na adapta inapata moto. Weka multimita kwenye alama ya diodi, pima pande zote mbili. Ikisoma karibu na sifuri huku na huku, itoe kisha pima tena ikiwa nje. 1N4001 hadi 1N4007 zinafanya kazi hiyo vizuri, na kila fundi redio anazo. Mstari mweupe uangalie ulikotazama wa zamani.

Kwenye mashine za rafu kuna jambo linaloua vifaa vingi hapa kwetu kuliko uzee wenyewe. Umeme wa Tanzania ni voliti 230, wa Kenya 240. Mashine iliyotoka Japani kama mtumba ni ya voliti 100, na ya Marekani ni ya 120. Mwaka fulani alikuja mzee mmoja, mpiga solo wa siku nyingi, amebeba mashine imefungwa kwa kanga ya mkewe.

"Shikamoo mzee. Mara ya mwisho uliichomeka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ukutani tu, kwenye kile kichwa cha kubadilishia plagi. Iliwaka vizuri kama dakika mbili, ikanuka, ikazima."

Nikaigeuza. Nyuma, chini ya vumbi, kibandiko kidogo cha fedha: 100V, 50/60Hz. Kile kichwa kinabadilisha umbo la plagi, voliti kinaziacha vilevile. Transfoma ilikuwa imepokea umeme mara mbili na zaidi ya ilivyoundiwa.

Katika hali kama hiyo usikate tamaa haraka. Mashine ikiwa imechomolewa, weka swichi yake kwenye kuwaka, pima omu kati ya miguu miwili ya plagi. Ukipata makumi au mamia ya omu, waya wa transfoma ni mzima. Ukikuta hakuna njia kabisa, anza na fyuzi, kisha swichi, kisha transfoma yenyewe. Transfoma nyingi zina fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya tabaka za kwanza za karatasi, na hiyo ndiyo iliyokuwa imekatika kwa mzee wetu. Ipo madukani ikiwa na nyuzi joto zilizoandikwa ubavuni, nawe uweke yenye namba ileile. Fyuzi ya kawaida pia irudishiwe ya kipimo chake. Karatasi ya sigara au uzi wa waya mahali pa fyuzi ni kuandaa moto nyumbani kwa mtu.

Mashine ya voliti 100 inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Nyingi zinazouzwa zinashusha hadi 110, ambayo ni asilimia kumi juu ya inachotaka mashine ya Kijapani. Itafanya kazi, lakini regyuleta za ndani (vipuri vinavyoshikilia voliti zisipande) zitapata joto zaidi, na joto ndilo linalokausha kapasita. Ukipata yenye tundu la 100, chukua hiyo.

Kuna na mtego wa adapta za AC (umeme unaogeuka upande huku na huku). Quadraverb, iliyotoka 1989, inataka voliti 9 za AC, siyo DC. Ndani yake wimbi la AC hugawanywa: nusu ya juu hutengeneza umeme chanya, nusu ya chini hutengeneza hasi, na saketi za sauti zinahitaji yote mawili. Ukiipa adapta ya kawaida ya DC unapata upande mmoja tu. Inaweza hata kuonyesha taa na bado isitoe sauti ya maana. Nikiletewa mashine ya aina hii, swali langu la kwanza ni: "Adapta yake iko wapi?" Mtu akija bila adapta, nusu ya jibu ninayo.

Inawaka, lakini taa ni hafifu na sauti imenyong'onyea

Hili linahusu pedali za Boss za mwanzo, CE-2 ikiwemo. Tazama kibandiko kama kimeandikwa ACA au PSA. Adapta ya ACA ilikuwa haijadhibitiwa na ilitoa karibu voliti 12, kwa hiyo pedali za wakati ule ziliwekewa rezista (kipuri cha kupunguza umeme) na diodi ndani ili kushusha umeme ufike 9. Leo unaichomeka kwenye adapta ya kisasa ya voliti 9 kamili, nayo inazishusha tena. Inabaki na njaa.

Pedali ni nzima hapo. Ukiiunganisha kwenye adapta moja na pedali nyingine ya kawaida na kuzifunga kwa waya wa sauti, mara nyingi taa inang'aa tena, kwa sababu waya wa ardhi wa jirani unaipita ile rezista. Huo ni uthibitisho mzuri. Marekebisho ya kudumu ni kuziba rezista hiyo na diodi yake kwa kipande cha waya kufuata mchoro, kisha unaandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya pedali: "9V tu". Usipoandika, mtu atakayeinunua baada yako ataipa 12 akidhani anafuata kibandiko.

Inavuma, inaguruma au inapiga mluzi

Zima kila kitu kingine, tumia betri kama pedali inakubali. Mvumo ukiisha kwa betri, tatizo ni adapta au kugawana adapta na pedali ya kidijitali. Mluzi mwembamba unaobadilika kadiri unavyozungusha vifundo ni tabia ya kugawana. Ipe adapta yake peke yake kabla ya kufungua chochote.

Mvumo ukibaki kwenye mashine ya rafu, kapasita za kuchuja umeme ndizo za kwanza kushukiwa. Ndani yake kuna majimaji, na baada ya miaka thelathini na zaidi yamekauka au yamevuja. Pua inasaidia sana hapa. Kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi za mwishoni mwa miaka ya 1980 zikivuja, ukisogeza chombo cha risasi harufu inayopanda ni ya dagaa waliooza, na shaba iliyo chini yake imegeuka kijani au nyeusi. Ukisikia harufu hiyo, usibadilishe moja. Badilisha zote za aina ile, osha bodi kwa spiriti na mswaki, kisha pima kila njia ya shaba iliyopita chini yake kama bado inapitisha umeme.

Kipimo cha mikrofaradi kiwe kilekile, voliti ziwe zilezile au zaidi, na chagua zilizoandikwa 105°C badala ya 85°C. Pima na kimo kabla ya kununua. Nimewahi kufunga kifuniko na kukuta hakishuki kwa sababu ya kapasita moja ndefu.

Wakati mashine iko wazi, pima regyuleta. 7805 itoe karibu voliti 5, kati ya 4.8 na 5.2, na iingiziwe walau voliti 7. Halafu geuza multimita kwenye AC, pima palepale: iwe milivoliti chache tu. Ukiona mamia, umeme haujachujwa. Angalizo kwa wanaobadilisha kwa haraka: mpangilio wa miguu ya 7812 na 7912 haufanani. 78 ni kuingia, ardhi, kutoka. 79 ni ardhi, kuingia, kutoka. Zinakaa jirani kwenye chuma kimoja cha kupoozea, na ukizibadilishana unachoma vyote vilivyo mbele yake.

Sauti kavu inapita vizuri, efekti ndiyo haipo

Hapa ndipo watu hukimbilia kununua chipu. Ili usikimbie, elewa kwanza inavyofanya kazi.

Umeshawahi kuona vijana wakimwaga zege la ghorofa? Wamepanga mstari, karai inatoka mkono hadi mkono mpaka juu, na kuna mmoja anayetoa mdundo ili wote wapokee na kupasia kwa pamoja. Chipu ya korasi au dilei (mwangwi) ya analogi ndiyo hivyo. Sauti yako inakatwa vipande, kila kipande kinamiminwa kwenye kapasita ndogo sana ndani ya chipu, nacho kinapasiwa kwenda inayofuata kila mdundo unapopigwa. Wazo hili lilizaliwa kwenye maabara za Philips mwaka 1969, na Panasonic wa Japani ndio waliozijaza pedali za dunia kwa chipu za MN.

CE-2 ina MN3007, yenye vituo 1024. Mdundo unatoka kwenye chipu nyingine, MN3101. Ukipigwa mara 10,000 kwa sekunde, sauti inachelewa milisekunde 51.2. Ukipigwa mara 100,000, inachelewa 5.12. MN3005, ambayo ndiyo waliyoitumia kwenye DM-2 za mwanzo, ina vituo 4096, kwa hiyo kwa mdundo wa polepole inafika milisekunde 204.8. Utaona mara moja kwamba efekti inaweza kupotea huku vituo vyote ni vizima: mdundo umekatika, sauti haifiki kwenye mstari, au sauti inayotoka mwisho hairudi kuchanganywa na ile kavu.

Fuata njia hii. Kwanza pima umeme kwenye miguu ya chipu kulingana na mchoro. Pili, mdundo. Kama huna osiloskopu (kifaa cha kuonyesha wimbi la umeme), multimita ya DC inatosha kukupa dokezo: mdundo ni wimbi la mraba linalokaa juu nusu ya muda na chini nusu ya muda, kwa hiyo kwenye kila mguu wa mdundo utasoma takriban nusu ya voliti za chipu. Ukisoma sifuri au voliti zote kamili, mdundo umesimama. Hapo mshukiwa ni MN3101 na vipande vinavyoizunguka, na MN3007 umwache kwanza.

Tatu, sikiliza. Chukua waya wa gitaa wa zamani, ukate mwisho mmoja, na kwenye waya wa katikati uunge kapasita ya mikrofaradi 0.1 yenye uwezo wa voliti 50 au zaidi. Ardhi yake ishike ardhi ya pedali, na mwisho mwingine uingie kwenye amplifaya iliyopunguzwa sauti. Mpigaji apige nyuzi moja moja nawe uguse hatua baada ya hatua: baada ya jeki, baada ya transista ya kwanza, mguu wa kuingilia wa chipu, mguu wa kutokea. Sauti inapokatika ndipo penye ugonjwa. Kifaa hiki cha gharama ya waya mmoja kimenisaidia kuliko kingine chochote mezani, na kitumie kwenye pedali za voliti 9 tu, usikipeleke upande wa umeme wa ukutani.

Nne, kifundo kidogo cha ndani cha kurekebisha. Chipu hizi zinataka sauti iingie ikiwa imekaa katikati ya voliti zake. Kifundo hicho kikisogea au kikiota kutu, sauti inakwaruza au inapotea kabisa. Weka alama ya kalamu mahali kilipo, kisha kizungushe taratibu huku unasikiliza. Korasi iliyokuwa imekufa miaka imeshanirudia kwa robo ya mzunguko.

Ikiwa sauti inachelewa lakini haiyumbi, saketi ya kuyumbisha ndiyo imelala, na hapo ni kapasita au op-amp (chipu ndogo ya kukuza sauti) ya kawaida. Ikiwa efekti haiji ukikanyaga ingawa taa inabadilika, angalia transista za kubadilisha njia: kwenye Boss nyingi za wakati huo ni 2SK30A.

Ukishapita hatua hizi zote, sauti inaingia kwenye chipu, mdundo upo, umeme upo, na hakuna kinachotoka, basi sasa tunaweza kusema chipu imekufa.

Kutafuta chipu, na kutotapeliwa

MN3207 siyo mbadala wa kuchomeka tu mahali pa MN3007. Zote zina vituo 1024, lakini moja iliundwa kwa umeme hasi na nyingine kwa umeme chanya mdogo, na ndiyo maana ya kwanza huenda na MN3101 na ya pili na MN3102. Anayekwambia "namba zinakaribiana, weka hiyohiyo" hajawahi kuzipima.

Habari njema ni kwamba familia hii imefufuliwa. Xvive wametoa MN3005 mpya, Coolaudio wana V3205, V3207 na V3102, na kuna BL3207 za Belling. Kwa kazi ya jukwaani sioni sababu ya kutafuta chipu ya mwaka 1981 iliyokaa droo za watu kumi.

Nasema hivyo kwa uchungu. Niliwahi kuagiza MN3005 mbili "za zamani, hazijatumika" kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Zilikuja na maandishi meupe yaliyong'aa kuliko ya chipu yoyote ya umri ule. Nilipofuta kwa pamba yenye asetoni, namba ikatoka yote, na chini yake kukawa na mikwaruzo ya msasa. Nilizijaribu hata hivyo. Moja haikupitisha kitu, nyingine ilitoa mvuvumo kama mvua juu ya bati. Tangu hapo nakagua kwanza: uso usiwe na mikwaruzo, kitobo cha alama kwenye kona kiwe safi kisichojaa rangi, na miguu isiwe na risasi ya zamani. Nafunga soketi kwenye bodi, kisha chipu ndiyo inaingia kwenye soketi, ili ikiwa feki niitoe bila kuchoma tena njia za shaba.

Vipuri vya kawaida vinapatikana karibu kuliko watu wanavyofikiri. Transista za Kijapani hufupishwa: 2SC1815 ina maandishi C1815 tu, 2SC945 ni C945, 2SK30A ni K30A. Mtu anatafuta "2SC1815" mtandaoni wiki nzima wakati fundi redio wa Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi amejaza kopo, kwa sababu redio na deki za kaseti zilijaa transista hizihizi. Ubao wa redio iliyotupwa ni duka. Ukilazimika kuweka BC547 badala ya C1815, kumbuka miguu: uso bapa ukikutazama, C1815 kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi, na BC547 ni kolekta, besi, emita. Kuigeuza tu hakutoshi: pishanisha pia miguu ya kolekta na besi bila kugusana, kisha angalia mara mbili.

Kwa vifundo vya sauti, herufi ndiyo inayosema tabia. Kwenye vya Kijapani, A ni ya logi (hupanda taratibu kisha kwa kasi), B ya mstari ulionyooka, C ya logi kinyume. 50KB na 50KA si kitu kimoja, ingawa namba ni ileile. Pima na kipenyo cha mti wake, na kama una meno au umekatwa bapa upande mmoja. Vitufe vya mashine za rafu aghalabu ni vile vidogo vya milimita 6 kwa 6, urefu wa kitufe ndio unaotofautiana.

Kwa chipu maalumu za kidijitali za SPX90 na wenzake hakuna dukani. Njia ni kununua mashine ya pili iliyokufa kwa ugonjwa mwingine na kuifanya mchangiaji. Kwa hiyo usitupe mashine iliyoungua transfoma. Ubongo wake unaweza kuwa mzima.

Mashine inasahau programu, au skrini inaandika vitu visivyosomeka

Betri. Ndani kuna betri ya lithiamu ya voliti 3, mara nyingi CR2032 yenye mabawa yaliyochomewa risasi, inayoshika kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa. Ikishuka chini ya 2.5 ibadilishe. Kwenye SPX90 programu 1 hadi 30 ni za kiwandani na hazipotei, lakini 31 hadi 90 ni zako, na betri ikifa zinaondoka. Kabla ya kuitoa, kama mashine inaruhusu, zihamishie kwenye kompyuta kwa njia ya MIDI (waya wa vyombo vya muziki kuzungumza). Isiporuhusu, kaa na daftari uziandike. Kuna wapigaji ambao rivabu (mwangwi wa ukumbi) yao ya miaka ishirini imo humo na haimo kwingine.

Usichome risasi juu ya betri ya kawaida isiyo na mabawa, joto linaweza kuipasua. Funga kishikio, na siku nyingine itabadilishwa kwa vidole. Baada ya betri mpya kumbukumbu huwa imejaa takataka, na skrini inaweza kuandika mambo ya ajabu au mashine ikaganda. Hapo watu hudhani prosesa imekufa. Fuata kitabu cha mashine uirudishe kwenye hali ya kiwandani kwanza.

Skrini ikionyesha safu moja ya miraba myeusi, maana yake skrini inapata umeme ila ubongo haujazungumza nayo. Pima voliti 5, kandamiza chipu zilizo kwenye soketi, safisha miguu ya EPROM (chipu inayoshika programu ya mashine). Kibandiko kilicho juu ya EPROM usikibandue. Chini yake kuna kidirisha cha kioo, na mwanga wa jua unafuta kilichoandikwa humo.

Vitufe vikikwama na vifundo vikikwaruza, dawa ya kusafishia kontakti na kuvizungusha mara ishirini hutatua vingi. Jeki zilizolegea zichomee upya.

Kuboresha

Ponya kwanza, boresha baadaye. Mashine yenye kapasita zilizokufa ikiwekewa op-amp za gharama itakuwa na mvumo wa gharama.

Boresho ninalolipenda ni la TS9, kwa sababu ni dogo na linaeleweka. Tofauti yake na TS808 iliyoitangulia iko kwenye rezista mbili za mwisho wa saketi: badilisha ya omu 470 iwe 100, na ya kiloomu 100 iwe 10. Senti chache. Wanaobadilisha chipu ya 4558 kabla ya kugusa rezista hizo wameanzia pasipo. Ukitaka kujaribu op-amp nyingine, weka soketi ulinganishe kwa sikio, ukijua kwamba NE5532 inakula umeme zaidi na betri itaisha mapema.

Kwa mashine za kidijitali, boresho la maana ni programu ya ndani. Quadraverb za kwanza zilipandishwa kuwa Quadraverb Plus kwa kubadilisha EPROM. Mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kukutengenezea. Kabla ya chochote asome ya zamani na kuhifadhi nakala. Tazama kipembe cha chipu kielekee kilikoelekea cha kwanza.

Ile mashine ya mzee ilipata fyuzi ya joto, kapasita mpya za umeme, betri, na transfoma ya kushusha yenye tundu la 100 ambayo nilimfungia pamoja nayo kwenye ubao mmoja, zisije zikaachana. Vipuri vyote vilivyotoka nilivitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki, nikaandika tarehe na kilichobadilishwa, nikaubandika ndani ya kifuniko, mbali na transfoma, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yangu.